Usuli wa Kiasi: Mwongozo Kamili wa Kuandika Kisa cha Mchezo wa Mezani

Jumamosi moja alasiri, barazani kwetu Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, kijana mmoja alifungua daftari atuchezeshe kisa alichokiandika mwenyewe. Akaanza na sultani wa kwanza wa mji wake wa kubuni. Akaja wa pili na vita vyake. Alipofika wa tatu, mchezaji mmoja alikuwa keshainuka kwenda kununua mahamri, mwingine ameinamia simu, na mdogo wao, ambaye bado hajui kuficha, akauliza: "Kaka, sasa sisi twafanyani?"

Kijana hakuwa na jibu. Kurasa 9 zilikuwa zimebaki.

Nimeliona hili mara nyingi hata nimechoka kulieleza kwa mtu mmoja mmoja. La upande wa pili nimeliona pia: "Mko chumbani. Kuna zimwi. Rusheni dadu." Chumba cha nani? Zimwi lataka nini? Hakuna ajuaye, na baada ya mapigano mawili kila mtu anatazama saa.

Mwongozo huu ni wa anayezijua tayari kanuni za mchezo wake, uwe Dungeons & Dragons au mwingine, na anataka kuandika kisa cha kikao kimoja au viwili. Mchezo wenyewe ni wa kusimulia: kila mchezaji ana mhusika wake, na dadu huamua kama analojaribu linafaulu. Anayeendesha mchezo nitamwita msimulizi. Usuli ni yote yaliyotokea kabla wachezaji hawajaingia: historia ya mji, ugomvi wa koo, sababu ya mlango kufungwa. Kipimo changu ni kimoja toka mwanzo hadi mwisho: habari inabaki kwenye kisa ikiwa mchezaji anaweza kuigusa, na ikiwa ikimfikia inamgeuzia uamuzi.

## Vifaa

- Daftari na penseli.
- Kadi 30 hivi za ukubwa wa kiganja. Sisi hukata katoni za biskuti.
- Kalamu nyekundu.
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.
- Dadu ya pande 20, kama mchezo wako unaitaka. Mimi sijawahi kuiona dukani hapa Lamu. Tumia programu ya simu, au andika namba 1 hadi 20 kwenye vipande vya karatasi, uvitie kikombeni, kila mtu achomoe kimoja kisha akirudishe. Asipokirudisha, hiyo si dadu tena.
- Kopo tupu lenye kifuniko. Utaona kazi yake.
- Mtu mmoja asiyejua lolote kuhusu kisa chako. Dada, mjomba, jirani, yeyote mwenye subira ya dakika 10.

Tenga jioni mbili. Ukijaribu kuimaliza kazi yote usiku mmoja, kalamu nyekundu itakuwa butu ifikapo saa nne, na utaacha kila kitu kilivyo.

## Hatua ya 1: Mwaga usuli wote, kwa saa moja tu

Weka saa. Andika kila kinachokujia kuhusu mji wako, watu wake na ugomvi wao. Usichague. Saa ikilia, funga daftari.

Huwezi kukata nguo usiyokuwa nayo. Msimulizi asiyejua kwa nini gofu lilihamwa atababaika akiulizwa, na wachezaji hunusa kubabaika kama paka wa gatini wanavyonusa samaki. Ila raha ya kubuni mji ni yako peke yako, ndiyo maana naiwekea mpaka.

Huu hapa usuli wa kisa nitakachokitumia kama mfano. Mji ni wa kubuni, nimeuita Vumbeni. Siwa inayotajwa ni baragumu kubwa la heshima.

Miaka 60 iliyopita Vumbeni ilikuwa na siwa ya shaba, iliyopigwa katika arusi za wakubwa tu. Mtaa wa juu na mtaa wa chini wakagombea haki ya kuitunza. Katika ghasia za usiku mmoja, mtoto wa fundi wa majahazi aliuawa. Fundi akaichukua siwa, akavuka mkono wa bahari, akaificha kwenye gofu la nyumba ya ghorofa. Akafa bila kumwambia mtu. Sasa binti wa mtaa wa juu anaolewa na kijana wa mtaa wa chini, baada ya siku tatu, na wazee wa pande zote mbili wamesema hakuna arusi bila siwa.

Hayo ni maneno 80 hivi. Ya daftarini yalikuwa kurasa 6, pamoja na masultani watano, bei ya boriti za mikoko na maisha ya bi arusi tangu utotoni.

Onyo. Usitumie majina ya koo zilizopo, wala makaburi ya kweli. Takwa, kule kisiwa cha Manda, inavutia kila msimulizi: magofu, mibuyu, kaburi la nguzo lenye mwaka 1094 wa Hijra. Lakini kaburi lile watu wa Shela, kijiji cha hapa Lamu, huliendea kwa dua ya kuomba mvua. Chukua mazingira, uyapeleke kwenye kisiwa cha kubuni. Hutaki mtoto arushe dadu ili avunje kaburi ambalo bibi yake huliombea.

## Hatua ya 2: Andika kazi ya wachezaji kwa sentensi moja

Kwa kalamu nyekundu, juu ya ukurasa mpya. Yangu ilisema: *Wachezaji waitafute siwa, waitoe gofuni kabla ya arusi, na waamue wamkabidhi nani.*

Tazama vitenzi. Waitafute, waitoe, waamue: vyote ni vya wachezaji. Ikiwa vitenzi vya sentensi yako ni vya marehemu ("sultani alijenga, adui akabomoa"), bado huna kisa, una tarehe za mji. Rudia mpaka wachezaji waingie ndani ya sentensi.

## Hatua ya 3: Kata usuli kadi kwa kadi

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo tusikimbie.

Pitia daftari na uandike kila habari kwenye kadi yake. Habari moja, kadi moja. Kisha kila kadi iulize maswali matatu:

1. Mchezaji akilijua hili, atafanya jambo tofauti?
2. Kuna mahali atakapoligusa? Yaani ataliona, atalisikia, atalinusa, au atalishika?
3. Mimi nikiulizwa nami silijui, nitakwama?

Kadi yenye ndiyo kwa la 1 na la 2 inabaki. Yenye ndiyo kwa la 1 pekee inatafutiwa mahali pa kuguswa. Yenye ndiyo kwa la 2 pekee inakuwa nusu sentensi ya kupambia. Yenye ndiyo kwa la 3 tu inaandikwa kwenye karatasi yako ya pembeni. Iliyokosa zote inaingia koponi. Usiichane! Watu hukataa kukata kwa sababu wanadhani wanaua, kopo linawatuliza.

Hizi ni kadi zangu za kweli.

*Sultani wa tatu alijenga ukuta wa mji.* Itabadilisha nini? Hakuna. Itaguswa? Ukuta upo, wachezaji wanaupita. Kwa hiyo ukuta ukabaki kwa maneno matatu, "ukuta ulioota mtini", na sultani akaenda koponi pamoja na wenzake wanne.

*Mkono wa bahari unapitika maji yakijaa tu.* Ndiyo na ndiyo. Kadi hii ndiyo ilinipa nusu ya kisa. Anayekwenda Takwa kwa mashua anajua: usipoingia na maji yaliyojaa, utakwama tope katikati ya mikoko. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Wachezaji wakishajua hivyo wanaanza kupanga wenyewe: twende na maji ya alfajiri au ya jioni, na tukichelewa gofuni tutarudi vipi? Sikuwapa hadithi yoyote ya bahari. Niliwapa saa inayotembea, wakahangaika nayo wao.

*Siwa ni ndefu kama mtu, na nzito.* Ndiyo na ndiyo. Mmoja hawezi kukimbia nayo. Inataka wawili, na wawili hao hawana mkono wa kushika upanga.

*Wazee wote wawili walikuwa watoto usiku ule, na walimwona fundi akipita na mzigo.* Ndiyo kwa la 1, maana wachezaji wakijua watawabana wazee. Lakini wataligusaje? Kadi hii ilikuwa imefungwa ndani ya vichwa vya watu wasiosema. Nikaipa mwili: kila fundi akitajwa, mzee wa mtaa wa chini anaishika tasbihi yake na kuacha kuihesabu. Mchezaji makini anauliza kwa nini.

*Fundi aliificha siwa kwa sababu ya mtoto wake.* Hii ndiyo roho ya kisa, kwa sababu inagusa uamuzi wa mwisho. Ukijua siwa iligharimu mtoto, huenda usiikabidhi kwa mtaa wowote. Lakini fundi amekufa na hakuacha waraka. Nikaweka kijidau cha kuchezea, cha mbao, kwenye kidaka, yaani kishubaka cha ukutani, kilicho juu ya siwa, na jina la mtoto limechongwa ubavuni. Hakuna aya. Kuna kijidau.

*Bi arusi alisoma Mombasa, anapenda mashairi, aliwahi kukataa posa mbili.* Hapana, hapana, hapana. Iliniuma, nilikuwa nimemwandikia ukurasa mzima. Koponi.

Utajua umefaulu kadi 30 zikibaki 10 hadi 12. Zikibaki 25, unajionea huruma. Anza tena kesho ukiwa umelala vizuri.

## Hatua ya 4: Toa wanachokijua tayari

Kila meza ina usuli wa bure. Kwa wachezaji wa Lamu sihitaji kueleza siwa: wamekua wakisikia habari za siwa ya shaba ya hapa na ile ya pembe za ndovu ya Pate. Sihitaji kueleza bamvua, yaani maji makuu ya bahari, wala daka, yaani ukumbi wa mlangoni, wala kwa nini punda amesimama katikati ya njia na hakuna wa kumtoa. Nikicheza na wageni kutoka bara, naongeza sentensi moja: siwa ni baragumu kubwa la heshima, na mji usio nayo huona haya mbele ya mji ulio nayo. Inatosha.

Hapa niseme kitu kuhusu kuiga. Wengi wetu tulijifunza mchezo huu kutoka vitabu vya Marekani, na tukabeba kila kilichomo: theluji, misitu ya misonobari, kilabu cha pombe ambamo watu wasiojuana hukutana na kupewa kazi. Kila kimoja cha hivyo kinadai maelezo. Kisa changu cha kwanza kilianzia kilabuni, tukapoteza karibu nusu saa watu wakibishana mhusika wao, mtu mwenye heshima zake, amefuata nini mle. Mara ya pili nikaanzia kwenye baraza ya wanywa kahawa. Hakuna aliyeuliza swali. Baraza ndiyo mahali mgeni hupewa habari za mji, kila mtu anajua.

Basi pitia kadi zilizobaki. Inayoeleza jambo ambalo meza yako inalijua, ipige mstari. Inayoeleza jambo ulilolileta kutoka mbali bila haja, badilisha jambo lenyewe badala ya kuongeza maelezo.

## Hatua ya 5: Zipange kadi kama nyumba: daka, sabule, ndani

Nyumba ya kale ya Lamu haimwingizi mgeni mara moja. Anayepita njiani huishia dakani. Anayekaribishwa hufika sabule, chumba cha wageni. Ndani ni kwa wenyewe. Panga usuli wako hivyohivyo, kwa mafungu matatu.

Daka ni yale utakayowaambia wote kabla hawajauliza. Mpaka wake ni maneno 60. Nimejipima kwa saa ya simu: kwa sauti ya kusimulia husoma maneno kama 110 kwa dakika, kwa hiyo 60 ni zaidi kidogo ya nusu dakika. Yule kijana wa masultani alikuwa na kurasa kiasi cha dakika 20. Hata mimi ningekwenda kununua mahamri.

Daka langu lilikuwa hili:

*Alasiri, maji yamekupwa. Mashua yenu imekwama tope mbele ya gati ya Vumbeni. Gatini wazee wawili wanagombana, na kati yao amesimama bi arusi asiyesema neno. Mmoja ameinua pembe ya ng'ombe: "Hii ndiyo mwataka tupige, mahali pa siwa?" Watu wanacheka, kicheko kibaya. Bi arusi anawageukia. "Nyinyi ni wageni," asema. "Hamna upande. Nisaidieni."*

Hesabu kilichomo: maji yanapwa na yanakwamisha, pande mbili zinagombana, siwa haipo, aibu ni kubwa, na kuna mtu anaomba msaada. Hakuna tarehe, hakuna sultani, hakuna jina la mtu hata moja. Na sentensi ya mwisho inawaelekea wachezaji, kwa hiyo ukimya unaofuata ni wao wa kuujaza. Usimalizie daka lako kwa maelezo ya jengo. Watakutazama tu.

Sabule ni yale yanayopatikana kwa kuuliza au kutafuta: tasbihi, kijidau, siwa kutaka watu wawili. Kila kadi hapa iandike *wapi* na *kwa nani*.

Ndani ni yako peke yako. Karatasi moja, upande mmoja. Nani anatawala mji sasa, fundi alikufa lini, itakuwaje siwa isiporudi. Zinakusaidia kujibu bila kugugumia. Zinaweza zisitamkwe kabisa, na hilo halina ubaya.

Onyo. Kuna ugonjwa wa kuhamisha kila kitu ndani kisha kukitapika mwishoni: mchezo umekwisha, msimulizi anasema "Mnajua kumbe yule mzee alikuwa nani?" na anaanza kusimulia siri zote walizozikosa. Ukijiona unatamani kufanya hivyo, siri zile zilikuwa za sabule nawe ukazifungia.

## Hatua ya 6: Habari ya lazima ipewe milango mitatu

Kati ya kadi za sabule zipo moja au mbili ambazo zikikosekana kisa kinasimama. Kwangu ilikuwa: siwa iko kwenye gofu ng'ambo ya maji. Kadi ya namna hii usiitundike kwenye dadu moja.

Fanya hesabu. Katika Dungeons & Dragons, kazi ya ugumu wa kati hupewa namba 15, ambayo dadu na nyongeza ya mhusika vikijumlishwa lazima viifikie. Mhusika mwenye nyongeza ya 3 anahitaji dadu imwonyeshe 12 au zaidi. Hizo ni pande 9 kati ya 20, yaani mara 45 katika 100. Maana yake, mara 55 katika 100 atakosa, na kisa chako kitakaa gatini.

Ukiweka milango mitatu yenye bahati ileile, nafasi ya kukosa yote mitatu ni 0.55 × 0.55 × 0.55, karibu 17 katika 100. Afadhali, lakini bado ni kama mara moja katika kila sita. Kwa hiyo mlango mmoja katika mitatu usiwe na dadu kabisa.

Milango yangu: mzee wa tasbihi, akibanwa kwa maneno (dadu). Alama ya fundi iliyochongwa kwenye tezi la jahazi bovu, iliyofanana na alama ya juu ya mlango wa gofu (dadu ya kuchunguza). Na wavuvi wanaosema wazi, kwa yeyote atakayewaamkia vizuri, kwamba fundi alikuwa akienda ng'ambo kila mwezi mpevu na kurudi mikono mitupu (hakuna dadu, salamu tu).

Jambo la kupambia, kwa upande wake, likae kwenye mlango mmoja, hata mgumu. Wasipolipata, basi.

## Hatua ya 7: Vyumba na watu

Hapa ni haraka. Chumba: hisi mbili, kitu kimoja cha kushika, na jambo moja linaloweza kubadilika. "Harufu ya popo, matone ya maji, safu ya vidaka ukutani, dari ya boriti inalia mkikanyaga juu." Kwisha. Usipime urefu na upana ila kama watapigana mle.

Mtu: anataka nini, anajua nini, anaficha nini. Mistari mitatu. Nguo yake uitaje ikiwa inasema kitu.

Majina yasizidi matatu kwa nusu saa ya kwanza. La nne likiingia la kwanza linatoka, nimejaribu. Wengine waite kwa kazi zao: nahodha, muuza kahawa, mama wa bi arusi.

## Hatua ya 8: Jaribu kwa mtu mmoja

Mkalishe yule mtu asiyejua lolote. Msomee daka. Nyamaza. Kisha uliza: "Ungefanya nini sasa?"

Akijibu kwa kitenzi ("Ningemvuta bi arusi pembeni", "Ningetafuta nani aliiona siwa mwisho"), daka limefanya kazi. Akijibu kwa swali la nasaba ("Yule wa kwanza ni nani kwa huyu wa pili?"), umezidisha watu. Akisema "nzuri" na kunyamaza, hakuna mlango. Sentensi yako ya mwisho haimwelekei.

Dada yangu, niliyemfanyia jaribio la Vumbeni, alijibu: "Ningewaambia wazee waone haya." Nikaongeza kadi moja ya sabule: wazee wakiaibishwa hadharani, wanafanyaje? Kadi ile ilitumika mezani dakika ya tano.

## Mezani: ukiulizwa usichokiandika

Itatokea. Mchezaji atapuuza gofu na kutaka kujua muuza kahawa ametoka mji gani. Kwanza tazama karatasi ya ndani. Hakuna? Mrudishie swali: "Mhusika wako amesikia nini kumhusu?" Atakalosema, kama haliharibu kitu, ndilo kweli kuanzia sasa. Liandike kwenye kadi papo hapo, maana kikao kijacho yeye atalikumbuka na wewe utakuwa umelisahau.

Usifungue kopo mezani. Sultani wa tatu atakuomba umtoe, kwa kuwa hatimaye mtu ameuliza kuhusu ukuta. Jibu kwa sentensi moja na urudi kwenye maji yanayojaa.

## Ikiwa mwenzako ndiye atakayekiendesha

Yote niliyosema yanahusu kisa utakachokichezesha mwenyewe. Ukimwandikia mtu mwingine, kiasi kinabadilika, na hapa nakubali kurasa ziongezeke. Mwenzako hawezi kuingia kichwani mwako usiku wa manane. Anahitaji kujua *kwa nini*: kwa nini mzee anaficha, kwa nini wavuvi wanasema. Akijua sababu ataweza kubuni jibu ulilolisahau.

Karatasi ya ndani iwe kurasa mbili. Lakini usizirundike zote mbele. Mwanzoni weka aya moja ya usuli mzima, kama ile niliyoiandika hatua ya 1, kisha kila sababu iweke palepale inapotumika: siri ya mzee chini ya jina la mzee, habari ya kijidau chini ya chumba cha vidaka. Msimulizi aliyeshika dadu mkono mmoja na kikombe cha kahawa mkono wa pili hawezi kupekua kurasa 12 nyuma kutafuta mtoto wa fundi aliitwa nani.

Na mwandikie wazi kipi asiwaambie wachezaji mapema. Niliwahi kumpa rafiki kisa bila alama hiyo, akawasomea aya ya usuli yote kabla ya kurusha dadu ya kwanza, siri na mwisho wake. Kosa lilikuwa langu.

## Baada ya kikao

Tandaza kadi. Zile zilizoguswa, zitie alama nyekundu. Mara ya kwanza Vumbeni ilipochezwa nilikuwa na kadi 12, zikaguswa 8. Tasbihi ilionekana. Kijidau kilimnyamazisha yule mdogo aliyeuliza twafanyani. Alikishika muda mrefu, kisha akawaambia wenzake siwa irudishwe ilipokuwa. Wakabishana hadi maji yakaanza kupwa.

Ukikuta kadi ileile haijaguswa vikao viwili, ipeleke koponi. Na kabla ya kuandika kisa kipya, mimina kopo mezani usome zilizomo. Juzi niliitoa ile ya bi arusi: alisoma Mombasa, anapenda mashairi, alikataa posa mbili. Mmoja wa wale waliokataliwa ana mashua, na anasubiri maji yajae.